Mkazi Halali wa Nyumba 4C

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba nimelisahau, la hasha. Ila kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa wiki hii kupisha sherehe za Uhuru wa Kusema. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina Mheshimiwa Baba Msikivu, ambaye masikio yake yamechorwa kwenye stempu zote za posta. La kulia ni la barua za ndani, la kushoto ni la barua za nje.

Mimi naitwa Mama Sikitu, Mjumbe wa Ngazi. Kwetu mjini watu wanakaa kwenye maghorofa ya serikali, na kila ngazi ina mjumbe wake wa kuangalia nani anapanda, nani anashuka, na kabeba nini. Ngazi yangu ina nyumba ishirini na nne, na lifti moja ambayo ilianza kutengenezwa Sikitu wangu akiwa tumboni. Sikitu sasa ana watoto wawili. Sijisifu, lakini kazi hii naiweza. Watu wa ngazi yangu hunisalimia wakipanda, na wakishuka hunisalimia tena.

Nyumba 4C alikuwa akikaa Mzee Shomari Kilindo na mkewe, Bi. Asumini. Mzee alistaafu posta, miaka arobaini ya kupanga barua kwenye vijisanduku, na nadhani kule ndiko alikojifunza kunyamaza. Shikamoo, marahaba mwanangu, basi, kapita. Bi. Asumini alikuwa mwingine kabisa. Yule mama akianza kusimulia safari ya sokoni, unatua kikapu, unakaa kwenye ngazi, unajua leo mchuzi utaungua. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa injinia mmoja wa kigeni, na injinia alipoitwa kwao ghafla alimwachia ndege wake, maana yule mke wa injinia alisema kwenye ndege atapanda yeye au atapanda huyo mwenye manyoya.

Ndege huyo alikuwa kokatuu. Kwa asiyemjua: ni kasuku wa ng'ambo, mweupe pepepe, ukubwa wa kuku mtetea, ana kishungi cha njano kichwani ambacho akikasirika hukisimamisha. Bi. Asumini akamwita Kilemba.

Niseme ukweli, yule ndege alikuwa balaa. Alitafuna fremu ya mlango, akatafuna mguu wa meza, akatafuna vitufe vyote vya rimoti isipokuwa cha kupunguza sauti. Manyoya yake yalimwaga unga mweupe ndani ya nyumba, hata Mzee Shomari akitoka nje unadhani katoka mashine ya kusaga. Asubuhi na jioni Kilemba alipiga kelele za kutoboa ukuta. Wakazi wakaniletea malalamiko. Nikafungua Kanuni za Maghorofa, nikasoma mbele yao: mbuzi marufuku, kuku marufuku kuanzia ghorofa ya pili, punda marufuku isipokuwa kwa barua ya ruhusa. Kokatuu hayumo. Nikaamua kwamba anaruhusiwa mpaka itakapoundwa kamati ya kumkataza, na kamati kwetu haiundwi chini ya miaka sita.

Mwaka uliofuata Bi. Asumini akafariki. Presha, siku tatu tu, hospitali, basi. Tukazika, tukakaa matanga, watu wakarudi makwao. Siku ya nane napita mlango wa 4C na ndoo yangu, namsikia marehemu anasema ndani, "Shomari, umekula?" Niliketi palepale kwenye ngazi, ndoo ikaniponyoka ikaenda zake mpaka ghorofa ya kwanza.

Alikuwa Kilemba. Sauti ileile, kikohozi kilekile, hata ile namna yake ya kufyonya halafu kusema, "Ah, huyu mwanamume." Kutwa nzima. Chai inapoa. Umekula? Funga bomba. Na Mzee Shomari, kila sauti ile ilipoanza, aliacha alichokuwa akikifanya, kijiko kikabaki hewani, akatulia mpaka iishe. Siku moja nilimkuta hivyo nikamwuliza kwa nini hamjibu ndege, angalau achangamke. Akaniambia:

"Mwanangu, miaka thelathini na nane yule mama anaongea, mimi nasoma gazeti. Sasa namwacha amalize."

Nilimwambia tu afunike sukari, ule unga unaingia.

*

Sasa niwaeleze jinsi tunavyohesabiwa, maana nchi nyingine hazijafika huku.

Zamani makarani wa sensa walikuwa wanaingia ndani ya nyumba. Tatizo ni sisi wenyewe. Kwetu mgeni hatoki bila kutia kitu mdomoni. Akikataa, umemtukana nani? Basi karani akiingia nyumba ya kwanza anapewa uji, ya pili maandazi, ya tatu wali, na ya nne wanaona aibu kwa sababu wamesikia ya tatu kulikuwa na wali, wanachinja. Hesabu ilichukua miezi kumi na mmoja. Walipofika nyumba ya mwisho, waliohesabiwa mwanzo walikuwa wameshazaa. Makarani wawili walilazwa kwa kuvimbiwa, na mmoja aliposwa.

Ndipo Baba Msikivu akahutubia taifa. Alisema serikali inayoingia ndani kwa watu ni serikali isiyojiamini. Serikali sikivu husimama mlangoni ikasikiliza. Tukapiga makofi dakika ishirini na mbili, na ikaanzishwa Hesabu ya Masikio. Siku ya Hesabu kila raia anakaa kwake na kuongea kama kawaida. Karani anaketi nje ya mlango dakika kumi, anasikiliza, anaandika: sauti ngapi, za kiume ngapi, za kike ngapi. Hagongi, haingii, haonji chochote. Mjumbe wa Ngazi anaketi pembeni kuthibitisha.

Mwaka wa kwanza wa hesabu hiyo ngazi yangu ilivuma kama mnada. Mume na mke wa 2A, walionuniana tangu sikukuu, ilibidi wagombane ili waandikwe wote wawili. Mtoto wa 1D alilala fofofo dakika zote kumi, akaandikwa bado hajazaliwa. Mama yake alilia, nikamtuliza kwamba atazaliwa sensa ijayo.

Tukafika 4C. Karani alikuwa bwana mmoja anaitwa Hamdani, mpole, ana kalamu tatu mfukoni na kibandiko cha Wizara ya Hesabu na Utulivu kifuani. Akakaa kwenye kigoda changu. Ndani sauti ikaanza, na siku hiyo ilikuwa na hamu kuliko siku zote, labda kwa kuwa ndege alisikia watu mlangoni. Shomari, umekula? Ah, huyu mwanamume. Chai inapoa. Funga bomba. Dakika kumi, haikupumua.

Mzee hakusema kitu. Nilijua kabisa yuko wapi: kakaa kwenye kiti chake cha dirishani, anamwacha amalize.

Hamdani akaandika: mwanamke mmoja. Nikamwambia kuna mzee pia humo. Akaniuliza kama nimemsikia. Nikasema namjua, ni mtu wa miaka mingi hapa. Akasema hakuniuliza kama namjua. Nikamwambia basi na huyo mwanamke si mwanamke, ni ndege. Akanitazama kwa huruma, akanionyesha fomu kwa ncha ya kalamu: *Mjumbe athibitishe aliyoyasikia.* Nami nilikuwa nimesikia sauti ya mwanamke. Nikatia sahihi. Nilidhani ni jambo la kwenda kurekebishwa siku moja, mtu anavaa viatu, anaenda, anarudi.

*

Wiki tatu baadaye Baba Msikivu alitangaza idadi ya watu wa nchi redioni, na siku hiyohiyo ikachongwa kwenye jiwe la marumaru pale mzunguko wa katikati ya mji. Halafu zikaja kadi. Kadi ya 4C ilisema: *Mkazi halali: mwanamke, mmoja.* Chini yake kulikuwa na maelezo kwamba mtu mwingine yeyote atakayekutwa ndani ya nyumba hiyo ni mgeni, na mgeni haruhusiwi kuzidisha siku kumi na nne.

Mzee Shomari akavaa koti lake la posta, nikamsindikiza hadi Ofisi ya Masahihisho. Afisa Masahihisho Mkuu, Ndugu Mkomwa, alitupokea vizuri sana. Ni mtu wa tai na ni mtu wa lugha. Alisimama nyuma ya meza yake akatuhutubia sisi wawili kama vile ni uwanja mzima, kuhusu tulikotoka, tulipo, na tunakokwenda kama taifa. Mzee alingoja amalize, kama alivyozoea, halafu akasema kwa sauti yake ndogo kwamba yeye ndiye Shomari Kilindo na amekaa 4C miaka ishirini na sita.

"Mzee wangu," akasema Ndugu Mkomwa, "mimi binafsi ninakuona. Lakini kuona si utaratibu wetu."

Mzee akatoa cheti cha kifo cha Bi. Asumini, kuonyesha kwamba hakuna mwanamke. Ndugu Mkomwa akakisoma mbele na nyuma. Akasema ni cheti kizuri, muhuri ni halisi, ila ni cha mwaka jana, na hesabu ni ya mwaka huu. Huenda hali imebadilika.

Mzee akasema basi atamleta ndege ofisini, wamsikie wenyewe. Akaambiwa haiwezekani. Sauti ile imo kwenye idadi, idadi imetamkwa na Baba Msikivu kwa kinywa chake, na iko kwenye marumaru. Kumwita mkazi mmoja ndege ni kusema kwamba kiongozi wa nchi amehesabu ndege. Ndugu Mkomwa alituuliza, kwa upole, kama hicho ndicho tulichokuja kusema. Nikawahi kujibu kwamba sicho.

Akatuonea huruma, akatoa njia. Mkazi halali anaweza kumtambua mgeni kuwa mtu wake, na hapo mgeni anapewa ruhusa ya kudumu. Baraza litakuja mlangoni, litamwuliza mkazi kama anamjua Shomari Kilindo. Akilitaja tu jina lake, yamekwisha.

Njiani kurudi Mzee alitabasamu, mara ya kwanza tangu matanga. Maana huyo Kilemba analitaja jina hilo mara mia kwa siku.

*

Baraza lilikuja siku ya kumi na mbili. Watu watatu, Ndugu Mkomwa mwenyekiti, wote wameloa jasho kwa sababu ya lifti. Kanuni ni kwamba hawaingii na hawaoni; wanasikiliza tu. Mzee Shomari alitolewa nje, akasimamishwa nami hapo kwenye korido, mlango ukafungwa, ndege akabaki ndani peke yake. Wakazi wote wa ngazi walikuwa wamesimama kwenye vidato, juu hadi chini.

Ndugu Mkomwa akasogea mlangoni, akatamka kwa sauti ya wimbo wa taifa: "Mkazi halali wa Nyumba 4C, je, unamtambua mwanamume aitwaye Shomari Kilindo?"

Kimya.

Akauliza tena. Kimya. Nikajiambia katishwa na ile sauti nene, hajaizoea, atazinduka. Dakika ya tatu, ya nne. Naapa, tangu ndege yule aingie kwenye ngazi yangu sikuwahi kumsikia akinyamaza mchana hivyo. Nilitamani nigonge, nipige sahani, nimtupie kitu kupitia tundu la ufunguo.

Dakika ya sita Mzee Shomari akashindwa. Akaegemeza paji la uso mlangoni, akaanza kusema, yeye ambaye hasemi: "Mimi nipo. Asumini, sema, mimi nipo hapa." Akarudia, akarudia. Sauti yake ilikuwa imekauka, inapasuka katikati. "Mimi nipo hapa." Mjumbe mmoja wa baraza akamshika bega na kumweleza kwamba sauti isiyohesabiwa hairuhusiwi kuingilia shauri. Hakusikia. Aliendelea mpaka saa ya Ndugu Mkomwa ikalia.

Dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Ndugu Mkomwa akanigeukia.

"Mjumbe, umesikia chochote kutoka ndani?"

Hapa naomba mnivumilie. Ningeweza kusema namsikia kila siku, asubuhi na jioni, akimwita Mzee kwa jina humo ndani. Ngazi nzima ingeitikia, pengine. Lakini mjumbe anayesikia yasiyosikika hupoteza ujumbe, na akipoteza ujumbe hupoteza nyumba, na mimi nina Sikitu na wale wawili wake. Hayo yote niliyafikiria haraka zaidi kuliko ninavyoyaandika.

Nikasema, "Sijasikia."

Mzee Shomari aligeuka akanitazama. Nilingoja anitukane, ingenisaidia. Akasema, "Usijali mwanangu. Umesema kweli." Nami tangu siku hiyo nikilala upande wa kulia nayasikia maneno hayo, nikigeuka upande wa kushoto nayasikia.

*

Alitoka siku ya kumi na nne, kama sheria inavyotaka, na begi moja la posta. Kumchukua Kilemba hakuweza: mgeni akitoka na mkazi halali, huo ni utekaji. Alinipa gunia la alizeti na maelekezo: asipewe chumvi, asipewe parachichi, lile ni sumu kwake, akung'utwe unga dirishani, na aongeleshwe, kwa sababu kokatuu akikaa peke yake hujinyonyoa manyoya mpaka abaki ngozi. Nikamwambia nitamwongelesha. Nikamwambia atarudi hivi karibuni. Niliropoka mengi.

Wasiohesabiwa hupelekwa Kituo cha Kungojea, kule nje ya mji. Nilikwenda kumtazama mara tatu. Kila mara mlinzi aliniomba jina la ninayemtaka, akatafuta kwenye orodha, hakulikuta, maana orodha ni ya waliohesabiwa na waliohesabiwa hawakai pale. Alikuwa mtu mstaarabu, aliniruhusu niache chapati langoni. Sijui zilimfikia nani.

Nilijua kwamba amekufa kwa sababu mpishi wa kituo alinitafuta akaniletea miwani yake. Alisema ni kifua, wakati wa masika, na kwamba mzee hakusumbua mtu. Nikaenda kwa Ndugu Mkomwa kuomba cheti, angalau tumsomee dua kwa jina lake. Alinipa pole sana, alisimama kabisa kunipa pole. Lakini asiyehesabiwa hapungui, akasema, na serikali haiwezi kuandika kifo cha mtu ambaye haijawahi kumsikia.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiingia 4C kila siku, kwa kifungu cha Kumjulia Hali Mkazi Mpweke. Kilemba alikuwa ameshajinyonyoa kifua chote, kimebaki chekundu, na kile kishungi hakikusimama tena. Nilimsimulia habari za sokoni. Miezi hiyo yote hakutoa neno hata moja, nikadhani sauti ya Bi. Asumini nayo imekwenda.

*

Siku ya Hesabu ikafika tena. Hamdani yuleyule, kalamu tatu, kigoda changu. Amenenepa kidogo. Mtoto wa 1D alipiga kelele kwa bidii, akazaliwa, tukampongeza mama yake.

Tulipofika 4C nilimwambia Hamdani kwamba humo hamna sauti siku hizi, aandike sifuri, twende. Akasema dakika kumi ni dakika kumi. Tukakaa.

Nadhani ilikuwa ile kalamu yake, namna alivyoigonga kwenye daftari, au watu kuwa mlangoni tena. Ndani kikasikika kikohozi, halafu mfyonyo. "Shomari, umekula?"

Na baada yake, kutoka chumba kilekile, sauti ya mwanamume, imekauka, inapasuka katikati: "Mimi nipo. Mimi nipo hapa."

Kumbe siku ile ya baraza Kilemba hakuwa amenyamaza kwa hofu. Alikuwa anajifunza.

"Ah, huyu mwanamume."

"Mimi nipo hapa."

Dakika kumi nzima walijibizana, na Hamdani alikuwa anatabasamu huku akiandika. Akaniuliza kama huyo mzee ndiye yule niliyemtaja mwaka jana. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema amefurahi, unaona, ukiwa na subira mambo hujiweka sawa. Akanipa fomu na kalamu. Nikatia sahihi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia.

Kadi imekuja jana, na barua yenye muhuri wa masikio mawili. Mimi ndiye ninayepokea barua za ngazi, kwa hiyo nimeisoma. Inasema: *Ndugu Shomari Kilindo, Serikali inayo furaha kukujulisha kwamba upo.* Mwisho wa barua wameomba aje mwenyewe kuchukua risiti.